Trekta Dogo Likikwama Topeni, Usilifungie Boriti

Masika haya nusura tuzike mtu shambani, na sababu yenyewe ilikuwa boriti ya mkoko. Trekta letu dogo lilikwama kwenye shamba la mpunga upande wa Kipini, magurudumu ya nyuma yakizunguka bure na kurusha tope. Dereva ni mtoto wa dada yangu. Akafanya kama alivyoona wenziwe wakifanya: akaitandika boriti mbele ya magurudumu ya nyuma, akaifunga kwa mnyororo kwenye magurudumu yote mawili, ili yakizunguka boriti ipite chini na trekta lipande juu yake.

"Mjomba, hii ndiyo dawa yake," akaniambia.

Akatia gia ya kwanza, akaachia klachi. Boriti ikagota, magurudumu yakakataa kuzunguka, na pua ya trekta ikaanza kuinuka. Tairi za mbele zilifika usawa wa kifua changu. Alhamdulillahi, mguu wake ulikuwa bado juu ya klachi, akaikanyaga, trekta likashuka kwa kishindo. Kijana akateremka, akakaa juu ya tuta, hakusema neno mpaka adhuhuri.

Ndugu msomaji, lililotokea si shetani wala bahati mbaya. Injini ina kazi moja, kuzungusha. Gurudumu la nyuma likizuiwa lisizunguke kabisa, ile nguvu haipotei, bali hulizungusha trekta lenyewe kuizunguka ekseli, pua ikaenda juu. Kutoka pale tairi za mbele zinapoacha ardhi hadi kufikia mahali ambapo trekta halirudi tena huwa ni chini ya sekunde moja. Huna wakati wa kufikiri. Hatari hiyo hiyo ipo unapofunga kamba ya kuvutia mzigo juu, kwenye mkono wa tatu wa kushikia jembe. Kamba ifungwe chini, kwenye chuma cha kuvutia tela, basi.

Sasa tuje kwenye tope lenyewe, maana watu wengi hutafuta dawa kabla ya kujua ugonjwa. Tope ni la aina mbili. Lipo tope la juu tu, ardhi ya chini ni ngumu, na trekta linateleza kama mtu aliyekanyaga sabuni. Na lipo tope la kina, kama la mashamba ya mpunga ya huku kwetu Delta ya Tana, ambalo ukichomeka fimbo inazama bila kukutana na kitu. Dawa ya la kwanza ni sumu kwa la pili.

Kwenye tope la juu, uzito juu ya magurudumu ya nyuma husaidia, kwa sababu meno ya tairi hupenya utelezi na kushika kule chini kwenye ugumu. Njia rahisi kuliko zote ni kutia maji ndani ya tairi. Inua gurudumu kwa jeki, zungusha mpaka valvu iwe juu kabisa, kisha jaza maji mpaka yafike usawa wa valvu. Hapo tairi huwa imejaa kama robo tatu, na iliyobaki ni nafasi ya upepo. Tairi zangu ni ndogo, kila moja ilikula karibu mitungi minne ya lita 20. Hizo ni kilo 80 kila upande, na lita ya maji hainunuliwi dukani. Kwenye nchi za baridi hulazimika kuchanganya maji na dawa ili yasigande, sisi tumesalimika na hilo. Ila usitie maji ya bahari hata kama bahari iko mlangoni. Chumvi itakula ringi.

Upepo nao ni shida ya kujitakia. Fundi wa puncha aliyezoea lori hujaza tairi mpaka iwe ngumu kama jiwe, na tairi ngumu hukanyaga ardhi kwa sehemu ndogo tu. Shambani punguza, kwa kufuata kiwango cha chini kilichoandikwa kwenye kitabu cha trekta au cha tairi, tairi itulie na meno mengi zaidi yaguse udongo. Ukirudi barabarani na tela la mzigo, ongeza tena.

Hapo hapo angalia meno, ambayo wengine huyaita kashata. Ubavuni mwa tairi kuna mshale, na mshale huo ufuate mwendo wa gurudumu linapokwenda mbele. Ncha ya lile umbo la V ndiyo iguse ardhi kwanza, ili tope lisukumwe pembeni na kutoka. Mimi nimelima msimu mzima tairi zimefungwa kinyume baada ya kuzibwa puncha, tope likijazana katikati ya meno, nami nikililaumu trekta.

Kwenye tope la kina mambo hugeuka. Ule uzito uliouongeza ndio utakaokuzamisha, kwa hivyo vyuma vya uzito vitolewe na maji yamwagwe. Hapo kinachohitajika ni kitu kipana na chepesi, au tairi za mpunga zenye meno marefu, karibu mara mbili ya ya kawaida. Hizo huwa na alama ya R-2 ubavuni. Bora zaidi ni magurudumu ya chuma yanayofanana na kizimba, ambayo hufungwa pembeni ya tairi au badala yake. Waliofika Mwea wameyaona yakivuruga tope siku nzima. Fundi mzuri wa kuchomelea anaweza kuyatengeneza, lakini ujue hayapiti juu ya lami.

Uendeshaji nao una sehemu yake. Gia nzito, mafuta kidogo, mwendo mmoja. Kama trekta lina kifungo cha difu, aghalabu kipedali kidogo karibu na kisigino, kikanyage kabla ya kuingia mahali pabaya, magurudumu yakiwa hayazunguki kwa kasi, na ukiachie kabla ya kukata kona. Ukikata kona difu ikiwa imefungwa, trekta halitaki kugeuka na waweza kuvunja vyuma vya ndani.

Kujua unateleza kiasi gani, huhitaji mtambo. Tia alama ya chaki kwenye tairi, endesha jembe likiwa juu, hesabu mizunguko 10 na upige vigingi viwili mwanzo na mwisho. Rudia hapo hapo jembe likiwa ardhini. Ikichukua mizunguko 11, uko salama. Ikifika 12, punguza kina cha jembe. Zaidi ya hapo unachoma dizeli kukanda udongo.

Na mara nyingine jibu ni kusubiri tu. Kwa shamba la mahindi au kunde, chimba udongo wa kina cha jembe, usokote mkononi. Ukisokoteka ukawa mwembamba kama tambi bila kukatika, rudi nyumbani. Ukilima siku hiyo utashindilia ardhi, na kiangazi utavunja mabonge kwa shoka. Najua mwenye trekta la kukodi ana foleni ya watu na mvua haingoji, lakini ardhi ni yako, si yake.

Ikiwa umeshakwama, zima tamaa. Acha kuzungusha magurudumu, fungua jembe au tela, chimba nyuma ya tairi, kisha jaribu kurudi kinyumenyume kwenye njia uliyojia. Makumbi ya nazi na mbao chini ya tairi husaidia, na watu wakae mbali kwani tairi huzirusha. Ukivutwa na trekta jingine tumia mnyororo mzima, si kamba ya nailoni. Nailoni hunyumbuka, na ikikatika hurudi kwa nguvu za kumvunja mtu mguu.

Siku ile sisi tulichimba saa mbili kwa makoleo. Boriti niliichukua nyumbani, sasa imeshika paa la banda la mbuzi.