Simbilisi wa nyumbani ataka sakafu kavu

WAZAZI wengi wanaoishi katika nyumba za kupanga mijini hawana nafasi ya kufuga mbwa, na hata wakiwa nayo, mwenye nyumba hakubali. Ndiposa simbilisi amepata makao katika vyumba vya watoto. Ni mnyama mpole, habweki, na chakula chake ni majani.

Lakini upole huo ndio unaomponza. Kwa asili yake simbilisi ni windo la wanyama wengine, na akiugua hujificha asionekane mnyonge. Mwenyewe hugundua wakati maradhi yamekwisha kumlemea.

Mengi ya maradhi hayo huanzia mahali pamoja, nayo ni sakafu yenye unyevu. Simbilisi hukojoa mara nyingi, mchana na usiku, na si rahisi kumfundisha kwenda pembe moja. Mkojo ukikaa, bakteria huuvunja na kutoa gesi ya amonia, ile harufu kali inayochoma pua.

Mtu mzima huisikia harufu hiyo akiwa amesimama. Simbilisi huivuta pua yake ikiwa sentimita chache tu kutoka pale inapotokea. Gesi hiyo huchubua njia ya pumzi, na viini vya nimonia hupata mlango wa kuingilia mapafuni.

Miguu nayo huathirika. Nyayo za simbilisi hazina manyoya. Akikaa juu ya uchafu na maji, au juu ya wavu wa waya, ngozi huvimba na kufanya vidonda. Vidonda hivyo vikifika mfupani, kuvitibu ni kazi kubwa.

Mtoto mwenye pumu akilala katika chumba hicho huvuta hewa ile ile. Aidha, simbilisi aweza kumwambukiza mtoto choa.

Ukubwa na mahali

Kizimba cha simbilisi wawili kisipungue upana wa futi 2 na urefu wa futi 4. Pande zikiwa na kimo cha zaidi ya futi moja zatosha, kwani yeye si hodari wa kupanda. Iwapo kuna paka nyumbani au panya kwenye ploti, weka kifuniko cha wavu.

Tumesema wawili kwa sababu simbilisi huishi kwa makundi, na akiwa peke yake hunyong'onyea. Nchini Uswisi, sheria ya mwaka 2008 inakataza kumfuga mmoja pekee. Chagua majike wawili. Ukichanganya dume na jike, mimba huchukua takriban miezi 2, na jike aweza kushika mimba nyingine saa chache tu baada ya kuzaa.

Kizimba kisiwekwe jikoni, kwenye moshi wa makaa au mafuta taa, wala mbele ya dirisha linalopigwa na jua. Joto linalomfaa ni kati ya nyuzi 18 na 24. Wasomaji wa Mombasa na Malindi wachague chumba chenye ubaridi zaidi. Siku za joto kali, chupa ya maji yaliyoganda, ikiwa imefungwa kwa kitambaa, humsaidia sana.

Matandiko ya tabaka tatu

Watu wengi hutandika maranda kutoka kwa seremala. Shida ni vumbi lake, pamoja na mafuta yenye harufu yaliyomo katika mbao za misonobari na saipresi. Huenda pia mbao hizo zimepakwa dawa ya mchwa. Gazeti, likiwemo hili, hulowa upesi na kubaki limelowa.

Kitambaa cha flisi, kile kinachoshonewa mablanketi mepesi na jaketi za baridi, hakina vumbi. Isitoshe, ukikikata hakitoi nyuzi za kujifunga vidoleni. Blanketi kuukuu la flisi hupatikana katika masoko ya mitumba kama Gikomba, Toi na Kongowea.

Hata hivyo, wengi hutandaza flisi peke yake kisha wakalalamika kwamba inanuka. Flisi hainyonyi maji, bali huyapitisha. Lazima pawe na kitu chini yake cha kuyapokea.

Kwanza, tandaza karatasi nzito ya nailoni ili kuikinga sakafu. Juu yake weka taulo kuukuu mbili au blanketi la pamba. Mwisho funika kwa flisi, na uchomeke kingo zake chini ili wanyama wasipenye ndani.

Flisi mpya huyakataa maji. Ifue mara 2 au 3 kwa maji moto na sabuni, bila dawa ya kulainisha nguo, kwa kuwa dawa hiyo huziba nyuzi. Kisha itandaze juu ya taulo na umwage kijiko kimoja cha maji. Yakisimama kama matone juu ya jani la nduma, fua tena. Yakizama na juu kukabaki pakavu, iko tayari.

Fagia kinyesi kila siku kwa brashi ndogo. Matandiko yote yabadilishwe kila baada ya siku 3 au 4. Yakung'ute nje, yafue kando na nguo za jamaa, na uyaanike juani. Yafaa kuwa na seti mbili, na taulo za ziada wakati wa mvua ndefu.

Usingoje harufu ikufikie ukiwa umesimama. Piga magoti, sogeza pua karibu na matandiko. Ikikuchoma, umechelewa.

Chakula na dalili za hatari

Sakafu nzuri haitoshi bila lishe. Meno ya simbilisi hukua maisha yake yote, na nyasi kavu kama boma Rhodes ndizo zinazoyapunguza, hivyo zisikose kizimbani. Kama binadamu, mwili wake hauwezi kujitengenezea vitamini C. Mpe kipande cha pilipili hoho kila siku. Usimpe avokado wala majani ya viazi mbatata.

Akikataa kula kwa siku nzima, akitoa makamasi, akipumua kwa shida au akichechemea, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Usikimbilie duka la dawa kununua amoksilini au penisilini nyingine. Dawa hizo, ambazo ni salama kwa watu wengi, huua bakteria wanaomsaidia simbilisi kumeng'enya chakula, na zaweza kumwua katika siku chache.

Watoto wanawe mikono kwa sabuni kila wanapomaliza kumshika. Na ikiwa kifua cha mtoto hubana kila akiwa karibu na kizimba hata kikiwa safi, kihamishe chumbani mwake na umwone daktari.