Chumvi Isiyo na Jina: Jinsi Wanafunzi Wanavyoitambua

Tangu mtihani wa taifa wa KCSE ulipoanza nchini Kenya mwaka 1989, wanafunzi wa kidato cha nne katika sehemu za Kivaa, upande wa Masinga katika Machakos, wamekuwa wakipewa kazi moja ambayo haiwezekani kufanywa kwa kukariri kitabu tu. Mwanafunzi huwekewa mezani chumvi kidogo isiyo na jina ila herufi, naye hutakiwa kuonyesha kwa majaribio ni vitu gani vilivyomo ndani yake.

Asiyesoma kemia akisikia neno chumvi hufikiri chumvi ya kula. Lakini kwa wataalamu chumvi ni jamaa kubwa. Mrututu unaonyunyiziwa mikahawa ni chumvi. Shabu inayotiwa katika maji ya matope ili tope litulie ni chumvi. Magadi ni chumvi. Na mbolea nyingi za magunia ni chumvi pia. Kila chumvi ina pande mbili zilizoshikana, nazo huitwa ioni. Upande mmoja una chaji chanya, na mara nyingi ni wa madini. Upande wa pili una chaji hasi. Chumvi ikiyeyuka katika maji pande hizo huachana, na hapo kila moja huweza kupimwa peke yake.

Basi tuseme mwanafunzi amepewa unga mweupe. Kwanza huuyeyusha katika maji. Maji yakigeuka buluu, hushuku shaba. Yakiwa ya kijani hafifu, hushuku chuma. Yasipokuwa na rangi yoyote, watuhumiwa hao huachwa. Kisha hutia soda kali tone kwa tone, akitazama. Mashapo meupe yakitokea, naye akiongeza soda mpaka izidi, na mashapo yakayeyuka tena, hujua kwamba wamebaki watatu: zinki, aluminiamu na risasi.

Hapo mwanafunzi mwenye pupa huandika jina lolote kati ya hayo, na hupoteza alama. Mwangalifu huchukua maji mengine ya chumvi ile ile na kutia amonia. Mashapo yakitokea na kuyeyuka amonia inapozidi, ni zinki. Yasipoyeyuka, wamebaki wawili. Huchukua sehemu ya tatu na kutia iodidi ya potasiamu: risasi hutoa mashapo ya manjano, lakini aluminiamu haitoi kitu. Akiona hakuna kitu, ni lazima aandike hivyo, kwa maana kutotokea kitu nako ni ushahidi.

Upande wa pili wa chumvi hupimwa kwa nitrati ya bariamu. Mashapo meupe yakitokea na kubaki hata baada ya kutiwa asidi ya nitriki, ni salfati. Yakitoweka kwa kutoa mapovu, huenda ikawa kabonati. Kwa njia hii mwanafunzi aweza kufikia neno lake la mwisho: chumvi ile ni salfati ya aluminiamu, ambayo ni ndugu ya ile shabu ya kusafishia maji.

Katika nchi kavu kama Kivaa liko jambo moja la kuangaliwa sana. Visima vingi vya Ukambani maji yake yana chumvi. Mwanafunzi akisuuza testitubu kwa maji ya kisima, halafu akatia nitrati ya fedha, ataona weupe wa kloridi na kuisingizia chumvi iliyo mezani, kumbe kloridi ilitoka kisimani. Ndiyo sababu hutumiwa maji yaliyopatikana kwa kukusanya mvuke wa maji yaliyochemshwa.

Moto nao hutoa ushahidi. Sodiamu huufanya mwali uwe wa manjano, potasiamu zambarau hafifu, kalsiamu mwekundu wa tofali. Mwaka 1860, Robert Bunsen na Gustav Kirchhoff, waliokuwa wakifanya kazi Heidelberg katika Ujerumani, walichunguza mwanga wa namna hiyo na kugundua madini mapya, sesiamu, katika maji ya chemchemi.

Mkulima aweza kuuliza elimu hii yamfaa nini. Mwaka 2024 wakulima wa sehemu mbalimbali za Kenya waliuziwa mbolea isiyofikia kiwango. Magunia yalikuwa na maandishi mazuri, lakini mahindi hayasomi maandishi. Hula kilichomo ndani. Mbolea ya CAN, kwa mfano, ina ioni za amoniamu. Ukichukua kidogo, ukaichanganya na chokaa na maji machache, hutoka hewa ya amonia yenye harufu kali, nayo hugeuza karatasi nyekundu ya litimasi iliyoloweshwa kuwa ya buluu. Isisogezwe puani, harufu ivutwe kwa kupunga mkono.

Hata hivyo jaribio hilo lina mpaka wake. Harufu huonyesha kwamba amoniamu imo, wala haionyeshi imo kiasi gani. Kazi hiyo ni ya maabara. Tena mbolea ya urea haitatoa harufu hiyo papo hapo, ingawa ni mbolea halali. Anayeshuku gunia lake na atunze risiti, aweke kando mbolea kidogo katika chombo kikavu, na kuipeleka ipimwe kabla ya mvua.

Kwa hiyo mzazi amwonapo mtoto wake akirudia orodha ya mashapo na rangi, asidhani ni maneno ya mtihani tu. Mtoto huyo anajifunza kuandika alichokiona kwanza, na maana yake baadaye, wala asikubali jina la kitu kwa sababu limeandikwa juu ya gunia.