Picha Ambayo Mpigaji Wake Hakuitaka

Wapenzi wa muziki hubishana mara nyingi juu ya picha za wanamuziki jukwaani: ipi bora, ya rangi au nyeusi na nyeupe? Mwandishi huyu yuko upande wa nyeusi na nyeupe, na shahidi wake ni picha moja iliyopigwa New York mwezi wa Septemba, 1979.

Bendi ya The Clash kutoka Uingereza ilikuwa ikitumbuiza katika ukumbi wa Palladium. Walinzi hawakuwaruhusu watazamaji kuinuka vitini wacheze, na jambo hilo lilimuudhi sana Paul Simonon, mpiga gitaa la besi. Alilishika gitaa lake shingoni kwa mikono miwili, akaliinua kama mtu apasuaye kuni, akalibamiza sakafuni.

Bi. Pennie Smith, mpiga picha, alikuwa kando ya jukwaa. Alipoona Simonon anamkaribia mno, alirudi nyuma huku akibonyeza kamera. Ndiyo sababu picha ile ina ukungu.

Filamu iliposafishwa, Bi. Smith aliikataa. Fundi gani hupenda kuonyesha kazi yenye kasoro? Lakini Joe Strummer, mwimbaji wa bendi, alishikilia kwamba hiyo ndiyo itakayopamba jalada la santuri yao, London Calling, iliyotolewa Uingereza Desemba mwaka huohuo. Strummer akashinda.

Na alifanya vyema. Uso wa Simonon hauonekani sawasawa. Kuna miguu iliyopanuka, mgongo uliopinda, na gitaa ambalo bado halijafika chini. Hatujui taa zilikuwa nyekundu au buluu, wala hatuna haja ya kujua. Taa za jukwaani humpaka kila mtu rangi ileile, mwenye furaha na mwenye uchungu. Zikiondolewa, macho hayana pa kukimbilia ila kwa mtu mwenyewe. Na ule ukungu aliouchukia Bi. Smith ndio unaotufanya tulisikie pigo kabla halijatua. (Rangi pekee jaladani ni herufi za waridi na kijani, zilizoigwa kutoka santuri ya kwanza ya Elvis Presley ya mwaka 1956.)

Vipande vya gitaa lile vilionyeshwa katika makumbusho mjini London mwaka 2019, na rangi zake zote. Mwandishi huyu angepanga foleni kuitazama picha.