Sumu za Shambani na Vyombo Vyake

Maneno haya ni kwa wakulima wa Tanga, wa pwani na wa milimani: ninyi mnaotunza michungwa Muheza, minazi na mihogo Pangani na Mkinga, mahindi Handeni na Korogwe, nyanya na kabichi Lushoto. Mazao yenu si mamoja, lakini jambo moja mnalo wengi wenu. Nyumbani mwenu imo chupa au galoni ya kitu cha kuulia wadudu au magugu. Yafaa kujua kitu hicho ni nini, hukaa wapi kikiisha kazi, na chombo chake kitupu kifanyweje.

1. Juu ya jina lake

Sisi sote tumezoea kusema "dawa". Twanunua dawa ya nyanya, twapuliza dawa ya michungwa. Jina hili limetudanganya. Dawa humponya mtu. Kitu hiki kimetengenezwa ili kiue. Sumu nyingi za wadudu huua kwa kuharibu mishipa ya fahamu ya mdudu, na mwanadamu naye anayo mishipa ya namna hiyo. Tofauti yetu na mdudu ni ukubwa wa mwili na wingi wa sumu inayotupata. Kwa hiyo mtoto yumo hatarini kuliko baba yake, maana mwili wake ni mdogo. Basi mfundishe mtoto wako kuiita sumu tangu leo. Akisikia "dawa" hataogopa, kwa kuwa alipougua homa alipewa dawa akapona.

2. Sumu nyingine haziozi upesi

Mkulima ajua ya kuwa samadi huoza na majani huoza. Aghalabu hudhani ya kuwa na sumu, ikimwagwa chini, huoza vilevile. Ziko zinazokwisha kwa siku au majuma machache. Nyingine hukaa miaka mingi, na DDT ni mojawapo. Haiyeyuki vema katika maji bali katika mafuta, nayo hujilimbikiza katika mafuta ya mwili wa mnyama na wa mtu, ikapita hata katika maziwa. Haba na haba hujaza kibaba.

Mfano wake uko hapa nchini. Huko Vikuge, wilaya ya Kibaha, mwaka 1986 shamba lilipokea shehena kubwa ya sumu kutoka Ugiriki kwa njia ya msaada, na baadhi yake muda wake ulikuwa umekwisha. Iliwekwa katika banda la wazi, na banda hilo baadaye likaanguka. Sumu nyingi iliondolewa, lakini uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha ya kuwa udongo wa mahali pale na maji ya kisima yalikuwa bado na DDT na sumu nyinginezo. Mahali palipochafuka zaidi, zaidi ya robo ya uzito wa udongo ilikuwa DDT. Tazameni jambo hili vema: kosa halikuwa la mtu aliyepuliza shamba kwa pupa. Sumu ilikaa tu, haikutumiwa, wala hapakuwa na banda jema la kuihifadhi.

Mfano wa pili ni majosho ya zamani. Wakati wa ukoloni ng'ombe waliogeshwa kwa aseniki ili kuua kupe. Aseniki asili yake ni madini, haiozi kabisa. Kwa hiyo mahali palipokuwa na josho la zamani usipande mboga, usichimbe kisima, wala usichukue udongo wake kwenda kukandika nyumba.

3. Kununua na kuweka

Nunua katika duka la pembejeo lenye kibali, na ununue kiasi cha msimu mmoja tu. Sumu ya rahisi iliyobaki miaka mitatu ndiyo inayogeuka kuwa taka ya hatari nyumbani mwako. Usikubali kupimiwa katika chupa ya soda au ya maji, kwa maana chupa hiyo haina maandishi, na mwenye kiu hataiuliza ina nini.

Soma maandishi yaliyobandikwa. Kama hujui kusoma, msomeshe mwanao akusikilizishe, na wewe utazame ule mstari wa rangi chini ya karatasi. Nyekundu ni sumu kali mno. Manjano ni kali. Buluu hupungua ukali. Kijani ni ya hatari ndogo kuliko zote. Lakini hata ya kijani si ya kunywa. Kisha tazama tarehe ya mwisho, na siku za kungoja kati ya kupuliza na kuvuna. Mwenye kupuliza nyanya jioni akazipeleka sokoni asubuhi amewauzia watu sumu yake.

Iweke sumu katika kisanduku chenye kufuli, mbali na chakula, mbegu na jiko, wala si chini ya kitanda.

4. Chombo kitupu

Hapa ndipo penye mtihani mkubwa, nami najua sababu yake. Galoni imara yenye kifuniko ni mali. Hufaa kuchotea maji, kuwekea mafuta ya taa au ya nazi, hata kugemea tembo. Kuitoboa kwaonekana kama kutupa fedha. Lakini plastiki hunywa sumu kidogo katika kuta zake, nayo hutoka polepole kuingia katika kile utiacho, hasa mafuta. Hata uioshe kwa sabuni na mchanga mara kumi, haiwi chombo cha chakula tena.

Fanya hivi. Galoni ikiisha, iache idondokee katika bomba la kupulizia mpaka matone yakome. Tia maji safi kadiri ya robo ya galoni, funga, tikisa kwa nusu dakika, kisha mimina maji hayo katika bomba lile lile uyapulize shambani. Fanya mara tatu. Hivyo hupotezi hata tone la sumu uliyoinunua, wala hakuna maji machafu ya kumwaga. Halafu itoboe chini na ubavuni isitumike tena, uiweke mahali pa kufungwa mpaka uipeleke inapokusanywa.

Usiichome moto, maana moshi wa plastiki yenye sumu nao ni sumu. Usiizike karibu na kisima. Pwani yetu ardhi ni mchanga na matumbawe, na maji hayako mbali. Kilichozikwa leo hufika kisimani kwa mvua za masika. Wala usioshe bomba mtoni. Ninyi wa Amani na vilima vya Muheza kumbukeni ya kuwa mto Zigi hushuka mpaka bwawa la Mabayani, na maji ya bwawa hilo ndiyo wanywayo watu wa mji wa Tanga.

5. Sumu iliyopitwa na wakati

Usiimwage, usiipulize ili "isipotee", usimpe jirani. Iache katika chombo chake chenye maandishi, umwarifu bwana shamba wa kata. Chini ya Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 iko Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, ambayo kazi yake mojawapo ni kuandikisha na kusimamia sumu hizi. Mambo ya taka za hatari yamo pia katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Sheria hizi hazikuwekwa kumsumbua mkulima. Ziliwekwa kwa sababu sumu ya mmoja hufika kwa wengi.

6. Mtu akidhurika

Dalili ni kutoka jasho na mate kwa wingi, kichwa kuuma, kutapika, macho kuona giza, misuli kutetemeka. Mwondoe mahali penye sumu, umvue nguo, umwoshe mwili kwa maji mengi na sabuni. Ikiwa imeingia machoni, yaoshe kwa maji safi yatiririkayo kwa dakika 15. Akiwa ameimeza, usimtapishe wala usimpe maziwa kwa kubahatisha. Mpeleke hospitali upesi, na uchukue ile chupa au karatasi yake, ili mganga ajue ni sumu gani na matibabu yake ni yapi.

Basi wakulima, mdharau mwiba mguu huota tende. Leo jioni ingieni ghalani, mhesabu vyombo vya sumu mlivyo navyo, na kila kisicho na maandishi mkitenge mahali pa kufungwa. Kazi hiyo haina gharama, nayo huenda ikaokoa mtoto.