Risasi ya Kupenya Bega la Dubu

Dubu wa kahawia anaweza kufikia kasi ya kilomita 56 kwa saa, yaani zaidi ya mita 15 kila sekunde. Akichomoka kichakani mita 30 kutoka ulipo, una sekunde mbili. Ndani ya muda huo mvuvi aliyezama magotini mtoni, fimbo ya kuvulia mkononi, anatakiwa amwone, atambue kwamba anafuatwa yeye, aachie fimbo, achomoe silaha na kulenga mnyama ambaye kichwa chake hupanda na kushuka kwa kila hatua. Alaska ina dubu wa kahawia wapatao 30,000, na mito ambayo watu huifuata kwa sababu ya samaki aina ya samoni ndiyo hiyo hiyo wanayoifuata dubu. Kwa hiyo wavuvi, wapima ardhi na waongoza wageni wengi huko huvaa bastola nzito kifuani. Baadhi yao humaliza majira ya baridi gerejini, wakiyeyusha madini ya risasi na kujitengenezea risasi zao wenyewe.

Risasi moja ya bastola ni vitu vinne: ganda la shaba, fataki kwenye kitako chake, baruti ndani, na kichwa kinachoruka. Ganda linaweza kutumika tena na tena. Fundi huliokota, hulirudishia umbo lake kwa mashine ndogo ya mkono iliyofungwa mezani, hulitia fataki mpya na baruti iliyopimwa kwenye mizani, kisha hulipachika kichwa. Kipimo cha baruti hakibuniwi nyumbani. Hutoka kwenye vitabu vya watengenezaji waliokipima maabara kwa vifaa vya kusoma shinikizo, na anayekipuuza anaweza kupasuliwa bastola mkononi. Uhuru wa fundi, na sayansi tamu ya kazi hii, uko kwenye kichwa.

Risasi nyingi za kujilinda zinazouzwa madukani zimebuniwa kwa kufikiria mwili wa mtu. Kichwa chake kina tundu mbele, na kikigonga nyama hufunguka kama mwavuli na kukwama ndani. Vipimo vya FBI hutaka kipenye kati ya sentimita 30 na 45 za jeli ya maabara, maana kikipitiliza kinaweza kumdhuru asiyehusika. Kwa dubu, sifa hiyo hugeuka kasoro. Dume kubwa la kisiwa cha Kodiak linaweza kufikia kilo 680. Kabla ya kuufikia moyo, kichwa cha risasi kinapaswa kupita manyoya mazito, ngozi, mafuta yaliyolimbikizwa kwa ajili ya usingizi wa baridi, msuli wa bega, pengine mfupa wenyewe, halafu mbavu. Kikifunguka hadi kipenyo mara mbili, uso unaosukumana na nyama huwa mkubwa mara nne, na breki hukaza kwa kiasi hicho hicho.

Hata moyo ukitobolewa, kazi haijaisha. Ubongo hubaki na oksijeni ya kutosha kwa sekunde kumi hivi, na kwa mnyama wa kasi ile huo ni mwendo wa mita zaidi ya mia moja. Kinachomwangusha papo hapo ni kuguswa ubongo au uti wa mgongo. Kinachofuata kwa umuhimu ni kuvunjwa bega hata mguu usiweze kubeba uzito. Vyote hivyo vimekaa nyuma ya mifupa. Ndiyo maana mtu anayejilinda dhidi ya dubu hutafuta risasi inayokwenda mbali bila kupinda, hata kama jeraha lake si pana.

Somo hilo lilionekana mapema Afrika Mashariki. Mskochi W. D. M. Bell, aliyewinda tembo Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20, aliua zaidi ya tembo 1,000, wengi wao kwa bunduki ya milimita 7 ambayo wawindaji wenzake waliiona ndogo mno kwa mnyama yule. Mauaji yale hayanipi fahari yoyote, lakini fizikia yake inafundisha. Kichwa alichokipenda kilikuwa cha greni 173, kama gramu 11, kirefu, chembamba, kimevikwa koti zima la chuma lisilofunguka. Uzito mwingi ulikuwa umejipanga nyuma ya uso mdogo, nacho kilipita mfupa wa fuvu hadi kwenye ubongo. Bell aliyapasua mafuvu ya tembo ili ajue ubongo umekaa wapi hasa.

Mtengeneza risasi wa leo hutumia hesabu ile ile: uzito ugawanywe kwa kipenyo kilichozidishwa kwa chenyewe. Kwa bastola ya .44 Magnum, kichwa cha kawaida ni cha greni 240. Ukikiongeza hadi 300, yaani gramu 19.4, bila kugusa kipenyo, uwiano huo hupanda kwa robo nzima. Kasi hushuka kidogo, maana shinikizo lina mpaka wake, ila kichwa kizito hupoteza mwendo polepole zaidi kinapopita ndani ya nyama.

Umbo la pua lina kisa chake. Elmer Keith, mchunga ng'ombe na mwandishi wa mambo ya silaha kutoka Idaho, ndiye aliyebuni katika miaka ya 1920 kichwa cha .44 chenye pua pana iliyokatwa bapa na bega kali nyuma yake. Kampuni ya Lyman ilikitengenezea kalibu, namba 429421, inayotumika mpaka leo. Keith aliendelea kuwashinikiza watengenezaji wa Marekani watoe bastola yenye nguvu aliyoitaka, hadi .44 Magnum ilipotoka mwaka 1955.

Kwa nini bapa, wakati jicho linaamini kwamba kilichochongoka ndicho kinachopenya? Hewani, kichwa cha risasi hunyooshwa na kule kuzunguka kinakopewa na mifuo ya mtutu. Nyama ina msongamano mara 800 hivi wa ule wa hewa, na kuzunguka kule hakutoshi tena. Chenye pua ya mviringo huanza kuyumba, hulala ubavu na kuacha njia. Pua bapa huisukuma nyama pembeni kwa ukingo wake mkali, na kuacha uwazi kuzunguka mwili wa risasi, hivyo kinachogusana na nyama ni uso wa mbele peke yake. Kikitaka kuinama, bega lake hugonga ukuta wa uwazi ule na kukirudisha kwenye mstari.

Sasa tuje kwenye chungu. Madini ya risasi pekee huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi na ni laini mno: kwenye kipimo cha Brinell yana ugumu wa 5 tu, kiasi kwamba ukucha unayaacha alama. Yakisukumwa kwa nguvu ya .44 Magnum huchubuka na kupaka mtutu utando wa madini unaoharibu shabaha. Dawa ni kuyachanganya na antimoni kwa ajili ya ugumu, na bati ili myeyuko ujae vizuri kila pembe ya kalibu. Mchanganyiko maarufu wa asilimia 90 madini ya risasi, 5 bati na 5 antimoni hufikia 15 hivi. Chuma cha mashine za zamani za kuchapia magazeti, Linotype, chenye asilimia 12 ya antimoni, hufikia 22. Mafundi wengi kwa miaka mingi walitegemea vile vipande vinavyobanwa kwenye ringi wakati wa kubalansi matairi, vyenye antimoni kidogo na chembe za aseniki. Siku hizi baadhi ni vya zinki, na zinki kidogo tu ikiingia chunguni, myeyuko hukataa kujaa kalibu.

Hapo ndipo panapotaka busara. Antimoni hujijenga kama fuwele ngumu ndani ya madini laini, na ikizidi, kichwa huwa kigumu lakini chepesi kuvunjika. Kikigonga mfupa wa bega hupasuka vipande vyepesi visivyofika popote. Mtu aliyefukuzia namba kubwa ya ugumu anaweza kuwa amejitengenezea kitu kibaya kuliko cha dukani. Njia ya hekima zaidi ni kuchukua mchanganyiko wa antimoni kiasi na kuupoza ghafla. Kichwa kikidondoshwa ndani ya ndoo ya maji kikiwa bado cha moto, antimoni hunaswa ndani ya madini kabla haijapata nafasi ya kujitenga. Halafu, kikiwa kimetulia rafuni, chembe zake huanza kujitokeza moja moja, ndogo mno, na kuzuia tabaka za madini zisiteleze. Kichwa kilichotoka kwenye ndoo jana bado ni laini kiasi, na kitaendelea kukomaa kwa siku nyingi bila kuguswa na mtu.

Ukimtazama fundi akisubu utaona anavyosoma joto kwa macho. Kalibu ikiwa baridi, vichwa hutoka na makunyanzi. Ikizidi moto, hutoka na ngozi ya kijivu isiyong'aa. Ndoo ya maji huwekwa mbali na chungu na chini yake, kwa sababu tone moja likizama ndani ya myeyuko hugeuka mvuke mara moja na kuurusha hadi darini. Hatari ya kimyakimya ni vumbi na takataka zinazoenguliwa juu ya chungu. Mtu akila kabla ya kunawa mikono, au akiingia ndani na nguo zile kwa watoto wadogo, madini hayo huingia kwenye damu na kuumiza ubongo unaokua. Kwa hili sioni nafasi ya uzembe hata kidogo.

Kichwa kizuri bado kinaweza kumsaliti mwenyewe. Kikiwa chembamba kuliko mtutu hata kwa nywele, gesi hupenya ubavuni na kukiyeyusha. Na ndani ya rivolva yenye teke kali, risasi ambazo hazijapigwa huvutwa kwa kishindo cha ile iliyopigwa. Mdomo wa ganda usipokazwa sawasawa, kichwa kizito hutambaa mbele, hutokeza nje ya silinda na kuigandisha. Bastola inakwama kwenye risasi ya pili au ya tatu, wakati dubu yuko mita chache mbele.

Je, haya yote yana faida? Mwaka 2016 mwongoza wageni mmoja wa Alaska alimwangusha dubu aliyewavamia kwa bastola ya milimita 9, ambayo wengi huidharau, ikiwa na vichwa vigumu bapa vya greni 147. Doria ya Sirius ya jeshi la Denmark, inayozunguka kaskazini-mashariki mwa Greenland kwa sleji za mbwa, hubeba bastola za milimita 10 kwa ajili ya dubu weupe. Lakini watafiti Tom Smith, Stephen Herrero na wenzao walipochambua matukio 269 ya Alaska yaliyohusisha watu wenye silaha na dubu, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, bastola zilifaulu kwa asilimia 84 na bunduki ndefu kwa asilimia 76. Na waliotumia silaha zao hawakutofautiana kitakwimu, kwa kuumia au kufa, na waliokuwa nazo wasizitumie. Utafiti wao wa mwaka 2008 ulionyesha kwamba dawa ya pilipili ya kupuliza ilimzuia dubu wa kahawia kwa asilimia 92, na asilimia 98 ya watu waliohusika hawakujeruhiwa. Idadi hizi mbili hazitokani na mazingira yaleyale, kwa hiyo hazishindanishwi moja kwa moja, ila mimi ningeanza na kopo la pilipili kiunoni na kuiacha bastola iwe ya pili.

Kwa anayebeba bastola, sababu yenye uzito kuliko zote ya kujaza risasi nyumbani ni bei. Risasi nzito za dubu ni ghali dukani, na mtu hununua boksi moja, hujaribu chache, zilizobaki akazifungia ndani ya bastola miaka mitatu. Mwenye kalibu na chungu anaweza kupiga nyingi zenye uzito na teke lile lile, mpaka mkono uache kushtuka. Wengine hufunga ubao wa shabaha katikati ya tairi kuukuu, humwambia mwenzao aliviringishe kutoka juu ya mteremko akiwa amesimama mahali salama pembeni, nao husubiri chini, bastola ikiwa bado ndani ya ala yake.