Kwa Nini Nguo Nzima Huonekana Imechakaa

Msomaji anauliza kwa nini koti lisilotoboka wala kupauka huonekana la kizamani baada ya Wiki ya Mitindo ya London kupita mara mbili tatu. Kusema kwamba wafanyabiashara hutulaghai hakutoshi, maana hutuletea mitindo mingi na mingi hudoda dukani. Aliyelieleza jambo hili mapema aliishi London hiyohiyo. Mwaka 1879 mwanafalsafa Herbert Spencer aliandika kwamba mavazi ya itifaki hulinda tofauti za vyeo, lakini fasheni huzimomonyoa, kwa kuwa chanzo chake ni kuiga: mtu humwiga mkubwa kwa kumstahi, au humwiga ili alingane naye.

Mwanasosholojia Georg Simmel wa Berlin, katika insha ya mwaka 1904, aliongeza hamu ya pili: kujipambanua. Sisemi kujitenga, kwa sababu anayejitenga hajali kutazamwa, ilhali huyu anataka aonekane. Hapo ndipo penye uzuri wa nadharia yenyewe. Fikiria mstari wa ngoma. Anayetangulia akibuni hatua, wa nyuma huifuata. Ikishafika mkiani, anayetangulia hana tena cha kumtambulisha, basi huibadili. Lakini hawezi kubadili kiasi cha kubaki akicheza peke yake, maana hatua isiyofuatwa na yeyote haimfanyi kiongozi. Wa mkiani naye, anapodhani ameipata, mbele wameshaiacha. Hakuna aliyeamuru ngoma isisimame. Haisimami kwa sababu kufuatwa, ambako ndiko utamu wa hatua mpya, ndiko pia kunakoiua. Koti la msomaji halijachakaa, limefika mkiani.

Kwa hoja hiyo, fasheni huhitaji mpaka unaovukika. Uingereza ya Elizabeth I iliwahi kuagiza kwa sheria nani avae hariri ya zambarau na nani mahameli; sheria hizo zilifutwa mwaka 1604, na kuanzia hapo cheo kililazimika kujilinda kwa mbio badala ya amri. Wapo watakaopinga wakisema kwamba kimini, ile sketi fupi, hakikushuka kutoka kwa wakubwa. Ni kweli. Mbunifu wa mavazi Mary Quant, aliyefungua duka la Bazaar barabara ya King's Road mwaka 1955, mwenyewe alisema wasichana wa mtaa ule ndio waliokibuni. Mwanasosholojia Herbert Blumer wa Marekani alikwenda mbali zaidi mwaka 1969: aliwaona wanunuzi wa maduka jijini Paris, bila kushauriana, wakichagua mavazi yaleyale machache kati ya mengi, akahitimisha kwamba wakubwa nao huifuata fasheni, hawaizai. Pingamizi hizi zinaangusha dai kwamba fasheni hushuka tu. Haziangushi zile hamu mbili: wasichana wa King's Road walijipambanua na mama zao kwa kufanana wao kwa wao.

Ushahidi ninaouona mzito zaidi uko Zanzibar. Chini ya utumwa, vitambaa vya kaniki na merikani vilikuwa alama ya mtumwa. Utumwa ulipokomeshwa kisheria mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa walizishika kanga za rangi na maua, na katika miongo iliyofuata wakavaa buibui, lililokuwa vazi la mabibi wenye nasaba. Anayeiita fasheni upuuzi awatazame wanawake hao: walidai uungwana kwa nguo kabla jamii haijakubali kuwapa.