Alizeti ya Moldova: Mbegu Tele, Ardhi Finyu

Apitaye sokoni Chişinău, mji mkuu wa Moldova, hakosi kumwona mama aliyeketi nyuma ya mfuko wa mbegu za alizeti zilizokaangwa, akizipima kwa bilauri na kuzimimina katika karatasi iliyokunjwa kama pia. Mnunuzi huzipasua kwa meno moja moja, akatema ganda na kutafuna kiini, kama vile abiria wa Dodoma atafunavyo karanga. Hata hivyo, mbegu za kutafuna ni sehemu ndogo tu ya mavuno. Nyingine hupelekwa kiwandani kukamuliwa mafuta, na nyingine husafirishwa nje zikiwa mbegu.

Moldova iko kati ya Romania na Ukraine. Eneo lake ni kilomita za mraba 33,800 hivi, yaani ni dogo kuliko lile la Mkoa wa Singida peke yake. Sensa ya mwaka 2024 ilihesabu watu wapatao milioni 2.4, bila ya wale wa ng'ambo ya mto Dniester ambako amri za Chişinău hazitekelezwi. Utajiri wa nchi hiyo ni udongo mweusi wenye mboji nyingi, ambao umefunika sehemu kubwa ya ardhi yake.

Alizeti si mmea wa asili wa huko. Wenyeji wa Amerika ya Kaskazini waliilima kwa maelfu ya miaka kabla Wahispania hawajaipeleka Ulaya katika karne ya 16, na kwa muda mrefu Wazungu waliipanda kwa ajili ya uzuri wa ua lake tu. Mwaka 1829, mtwana mmoja wa Kirusi, Daniil Bokaryov wa Alekseyevka, alifaulu kukamua mafuta yake. Ulaji wa mafuta hayo ulienea upesi, kwani Waorthodoksi, ambao ndio wengi Moldova pia, hujinyima nyama, maziwa na siagi wakati wa Kwaresima. Baadaye V. S. Pustovoit wa Krasnodar, kwa kuchagua mimea bora kizazi baada ya kizazi, alipandisha kiasi cha mafuta katika mbegu kutoka thuluthi moja hivi hadi karibu nusu ya uzito wake. Kisha mwaka 1968 Mfaransa Patrice Leclercq akagundua alizeti ambayo chavua yake haizai, na ugunduzi huo ukafungua njia ya mbegu chotara zinazopandwa leo.

Je, nchi ndogo kama hiyo yahitaji alizeti kiasi gani? Hesabu yake yaweza kufanywa ubaoni. Tuseme kila mtu hutumia kilo 15 za mafuta kwa mwaka, kiasi ambacho si haba. Watu milioni 2.4 watahitaji tani 36,000. Ikiwa kila tani ya mbegu hutoa kilo 400 za mafuta, zatakiwa tani 90,000 za mbegu. Na ikiwa hekta moja huzaa tani mbili, hekta 45,000 zatosha. Lakini katika miaka ya karibuni Moldova imekuwa ikipanda zaidi ya hekta 300,000. Ni dhahiri basi kwamba jungu la nyumbani limekwisha kujaa zamani, na kwamba kinachoisukuma alizeti kuenea ni bei ya soko la nje.

Hapo ndipo penye tatizo. Wataalamu wa kilimo hushauri kwamba alizeti isirudishwe katika shamba lile lile kabla ya miaka saba hivi kupita. Ardhi yote ya kulimwa ya Moldova ni hekta milioni 1.7 au zaidi kidogo. Ukiigawanya kwa saba, fungu la alizeti halifiki hekta 260,000. Kinachozidi hapo kimekopwa kutoka miaka ijayo. Wako wakulima wanaoirudia baada ya miaka mitatu au minne tu, wala si wajinga: aliyekodi shamba kwa muda mfupi ana sababu gani ya kuungoja mwaka wa saba?

Deni hilo hudaiwa na kimelea kiitwacho kitaalamu Orobanche cumana. Wanafunzi wanaokijua kiduha, adui wa mahindi na mtama katika Afrika Mashariki, watamtambua ndugu yake, kwa kuwa mimea hii miwili ni ya jamii moja. Lakini kiduha kina majani ya kijani. Orobanche haina umbijani hata kidogo, haiwezi kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, na hufyonza kila kitu katika mizizi ya alizeti. Mbegu yake ni kama vumbi, haifiki nusu milimita. Mmea mmoja waweza kutoa makumi ya maelfu ya mbegu hizo, nazo hulala ardhini mpaka zihisi kemikali zinazotoka katika mzizi wa alizeti. Zisipozihisi, hungoja.

Watafiti wamezalisha alizeti yenye ukinzani, lakini kimelea nacho hubadilika. Namna zake zimepewa herufi kuanzia A, na sasa orodha imefika H. Njia nyingine ilipatikana kwa bahati: mwaka 1996, katika shamba la soya huko Kansas, Marekani, ilionekana alizeti mwitu isiyokufa kwa aina fulani ya dawa ya magugu. Sifa hiyo ilihamishiwa katika alizeti ya shambani, ili shamba lipigwe dawa na kimelea kife huku zao likibaki. Mbegu hizo hununuliwa upya kila msimu, na dawa pia.

Jambo la pili ni maji. Mizizi ya alizeti yaweza kushuka mita mbili, ikanyonya unyevu ambao ngano ifuatayo ingeutegemea. Ukame ulioipiga Moldova mwaka 2007, 2012, 2020 na 2022 umeonyesha uzito wa jambo hilo. Mwaka 2020 mazao ya kilimo kwa jumla yalipungua kwa zaidi ya robo. Mjini Bălți, majaribio ya mzunguko wa mazao yamekuwa yakiendeshwa tangu mwaka 1962, na zao lililotangulia shambani ni miongoni mwa mambo yanayopimwa huko. Matokeo yake yanajulikana kwa wakulima, lakini bei ya alizeti hutangazwa kila siku.

Ama mbegu za Orobanche, zaweza kuishi udongoni hata miaka 20. Shamba lililoambukizwa msimu huu laweza kuwa na mbegu hai hadi watoto wanaoingia darasa la kwanza leo watakapokuwa watu wazima wenye mashamba yao.